Risasi ya Swala

Luhende alizikwa asubuhi. Mchana wawindaji wenzake walishusha uani nyati aliyemuua, ambaye wao ndio waliommaliza, ili nyama iliwe matangani. Nyamizi, mjane wa Luhende, akasema bega la kushoto asiliguse mtu.

Ngassa, mdogo wa marehemu, alisimama kando. Ndiye aliyefyatua risasi ya kwanza. Tangu jana alikuwa akimwambia kila aliyekuja kutoa pole kwamba alimpiga nyati sawasawa, usawa wa moyo, lakini mnyama yule alikuwa shetani, hakuanguka, akamvamia Luhende.

Nyamizi alipiga magoti, akachana ngozi, akafuata tundu la risasi kwa ncha ya kisu. Halikwenda mbali. Mfupa wa bega ulikuwa na ufa mdogo, na juu yake risasi ilikuwa imesambaratika kama makombo.

"Shemeji, hii ni risasi ya swala," alisema. "Kaka yako alikupa zile nzito."

"Zile zinakwenda polepole. Hii ina kasi zaidi."

"Kasi yake imeishia hapa. Nzito ingevunja mfupa huu ikafika moyoni."

Ngassa aliinama. "Nikifyatua zile nzito," alisema kwa sauti ndogo, "bunduki hunipiga bega. Inaniumiza."

Nyamizi aliokota vile vipande vya risasi, akaviweka kiganjani mwa Ngassa, akamkunja vidole. Ngassa akabaki amesimama pale, ngumi imefumbwa, wanawake wakimpita na masufuria kuchukua nyama.