Chumvi ya Msukule

Mjane alirudi tena sinema mchana, kumtazama marehemu mumewe akifufuka.

Enzi za uhai wake, mzee yule aliwahi kuigiza msukule katika filamu ya kutisha: anachomoza kaburini na wenzake, macho makavu kama ya samaki wa jana, kisha wanaondoka wakikokota miguu.

Bibi mzaa mama wa yule mjane alizoea kumwambia kuwa msukule akionja chumvi hukumbuka kwao.

Leo uzalendo ukamshinda. Kichwa kilipochomoza tu udongoni, akaisogelea skrini na bisi zake za chumvi, akampaka mumewe chumvi mdomoni.

Misukule wenzake wakaenda zao. Yeye akabaki, akalamba midomo taratibu, akakunja uso kama zamani mezani kwao.

"Mke wangu, mpaka huku umenizidishia chumvi?"