Mfadhili wa Bata Mzinga

Sogeeni niwape hii, maana wengine wakiisimulia huiharibu. Bata Mzinga, wa ukoo wa kale uliobaki na ndege wachache, aliponea chupuchupu sufuria ya arusi akapelekwa kwenye hifadhi ya ndege. Hapo kila ndege alitafutiwa mfadhili wa kumletea mahindi. Yeye akapata Mbweha.

"Hongera, kaka," alisema Kanga, mbea wa hifadhi. "Ila huyo hafadhili, ananenepesha."

Bata Mzinga akagoma kula. Akakonda, na ule mlio wake wa kutikisa mabati ukabaki kama kikohozi.

Mbweha akaja mbio, ulimi nje. "Ndugu yangu, mbona umekonda? Mahindi hayafiki?"

"Yanafika. Sitaki kuwa kitoweo chako."

"Kitoweo?" Mbweha akaketi, hoi. "Pango langu liko nyuma ya uzio huu. Mjomba Fisi alikuja kunijulia hali, akahamia. Usiku anakula akiba yangu, mchana analala. Ulipoletwa hapa na kelele zako za mchana kutwa, akakosa usingizi, akaondoka. Nikasema ndege huyu nitamlisha mpaka azeeke. Sasa umenyamaza, na mjomba ametuma salamu kwamba anarudi kesho."

Bata Mzinga akashusha pumzi ndefu, akazamisha kichwa kwenye debe la mahindi. Aliposhiba akapaza sauti mpaka Kanga akakimbia.

Mbweha akajinyoosha palepale kando ya uzio, akalala fofofo katikati ya makelele hayo.