Bomba la C

Kisimba alisimama mlangoni mwa materniti, wodi ya wazazi, uso kando kama inavyompasa mkwe. Mke wake alikuwa amelala. Mama wa mke alikuwa karibu na beseni, mjukuu mchanga begani, tayari kumwogesha, akiyatazama mabomba mawili, moja lenye herufi C, moja F.

"Mama mukwe, fungula ile ya kushoto, ya C," Kisimba alisema akijivuna. Alikuwa amerudi kutoka migodi ya Luanshya, kwa Waingereza. "C njo koldi. Kwa Kingereza, baridi."

Mama akafungua, akatanguliza mkono wake kuyapima maji.

Mvuke ukapanda. Ngozi ya vidole ikavimba na kung'aa. Ndipo Kisimba alipokumbuka kwamba hapa Kamina ni kwa Wabelgiji, na kwa Kifaransa chao C ni *chaud*, yaani moto.

Mtoto akalia. Mke wake akaamka, akauona mvuke.

"Mama, nani alifungula maji ya moto?"

Kisimba akafungua kinywa.

"Njo mimi," mama alijibu, akiuficha mkono ndani ya kitenge. "Sijue kusoma."