Sauti ya Rehani

Sinema ya mtaa wetu imechoka kuibiwa miwani ya kutazamia picha, kwa hiyo ukiazima unaacha sauti yako kaunta. Mimi sijawahi kuiba hata kijiko, lakini niliiacha. Picha ilipokwisha nikarudisha miwani, na yule binti wa kaunta akanipa sauti ya mtu mwingine.

"Hii si yangu!" nikafoka, kwa sauti nyembamba nisiyoijua.

"Aliyepewa yako ameshaondoka nayo, mzee. Rudi kesho."

Sasa mwizi ni nani hapo?

Nyumbani nikapiga hodi. Mke wangu Mwanahawa akauliza, "Nani?"

"Mimi, Sefu."

"Sefu amenipigia simu sasa hivi, anakuja na samaki. Ondoka, kaka!"

Nikamtajia majina ya wanetu wote wanne. Nikamsikia akisukuma kabati mlangoni.