Dhahabu Mifupani

Cheboi, mkaguzi wa Mamlaka, alikwangua ukoko wa dhahabu uliokuwa umeganda ndani ya bomba la jikoni. Kimoi, mwenye nyumba, alimwacha afanye kazi yake. Maji yote ya Bonde yalipandishwa kutoka chini sana, ambako joto, shinikizo na salfa huiyeyusha dhahabu. Yakikaribia juu huchemka, salfa ikatoroka kama gesi na dhahabu ikatua. Popote ilipotua, kisheria ilikuwa mali ya Mamlaka.

Kisha Cheboi akamgeukia Kobilo, mama yake Kimoi, aliyekuwa akinywa chai.

“Samahani, nyanya. Naomba unyooshe mguu.”

“Miaka yote hii hakuna aliyeutazama mguu wangu, leo umeniletea na mashine!”

Cheboi alicheka, akasoma kipimo, akaacha kucheka.

“Dhahabu mifupani imekaribia kiwango cha sheria. Ikikifikia, siku ya kufariki mwili utaenda kwenye tanuru letu. Kwa sasa bado mnaruhusiwa kumzika.”

“Kando ya baba yake huyu,” Kobilo alisema. “Nafasi yangu niliiacha.”

“Basi apunguze maji.”

“Anywe nini?” Kimoi aliuliza.

Mkaguzi alifunga mkoba wake, akaaga kwa adabu.

Alipoondoka, Kobilo alisukuma kikombe chake kitupu mezani. Jua la adhuhuri lilikuwa limeshapasha moto bati la paa.

“Niongezee.”

Kimoi alimimina hadi nusu, akaliinua birika.

“Jaza, mwanangu,” mama yake alisema. “Nina kiu.”