Bati Kwenye Puli

Munguti alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kukata nyasi, ile inayoendeshwa kama trekta ndogo, akitoa mkanda uliokatika. Kitu kilikuwa kimejisokota kwenye puli, gurudumu linalozungusha mkanda. Akakivuta kwa koleo.

Kilikuwa kipande cha bati jeupe. Juu yake palikuwa na neno MAMA, kwa mwandiko wa Munguti mwenyewe.

Baba yake alipouza shamba hili la Kitengela, mnunuzi aliahidi kwamba kaburi la mama halitaguswa.

Munguti akasimama, akatazama nyuma ya nyumba. Msalaba uliopigiliwa bati hilo haukuwepo. Nyasi zilikuwa tambarare hadi kwenye ua.

“Fundi, unamaliza saa ngapi?” mwenye nyumba, yule mnunuzi, akauliza. “Kesho kijana wangu anaoa. Niko na wageni mia tatu hapo nyuma.”

“Mkanda huu mpya ni mfupi, mzee.”

Asubuhi alikuwa ameupima kwa kamba, mara mbili. Ulitosha sawasawa.

“Sasa?”

“Tutamaliza kesho.” Akaukunja mkanda, akautia mfukoni pamoja na bati. “Nitakuja mapema na ndugu zangu. Tutabeba majembe.”

“Majembe ya nini, na ni mashine imeharibika?”

Munguti alikuwa anapangusa spana, moja moja, akizirudisha kwenye boksi.