Shingo ya Hezekiah

Kwa miaka arobaini na moja Hezekiah hakuwahi kuitikia kwa kichwa. Akikubali jambo alisema "ndiyo" kwa mdomo, shingo wima. Wenzake wa kiwanda cha kahawa walimwita Bwana Nguzo, naye alicheka nao. Lakini mwaka huu wa 1995 shingo ilikaza hata kumeza ikawa taabu, na hospitalini walisema mifupa ni mizima. Jumamosi angempeleka binti yake Wamuyu madhabahuni. Kuingia kanisani mkavu vile, mbele ya wakwe? Aibu ilimla.

Wamuyu akamtuma kwa Bi. Nyaguthii, aliyesomea tiba ya pumzi India na kukodi chumba juu ya duka la mbegu, Nyeri mjini.

"Mzee, akili ni kama shamba," Nyaguthii akamwambia. "Maji yakishachimba mtaro, kila mvua inapita hapo hapo. Na ndani yetu tuko wengi. Kuna mmoja ameshika hiyo shingo. Si adui, anakulinda. Funga macho, umuulize ako na miaka ngapi."

Hezekiah akavuta pumzi, akaishusha. "Kumi na tisa."

"Anaona nini?"

"Ni ile Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Wanaume wamechuchumaa kwa mstari. Kuna askari. Kuna mtu wa gunia."

Hakuhitaji kueleza. Kila mtu huko alimjua mtu wa gunia: msaliti aliyefunikwa kichwa hadi kiunoni, matundu mawili ya macho. Mlipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akiitikia kwa kichwa, umekwisha.

Nyaguthii alimwonea huruma, akamshika mkono. "Pole, mzee. Hata baba yangu walimpitisha hapo. Ngatia, fundi wa viatu, mguu mmoja mfupi. Hakurudi. Mimi nilikuwa bado nanyonya."

Hezekiah alitaka kuinuka aende zake. Akakumbuka Jumamosi, akabaki.

"Sasa mwambie huyo kijana asiogope. Amwangalie mtu wa gunia. Anamwona?"

"Hapana."

"Mbona?"

Jasho lilimtiririka Hezekiah hadi kidevuni. "Anaona matundu mawili tu. Kutoka ndani."

Nyaguthii akauachia mkono wake. Chini, mtu alikuwa akibishana na mwenye duka juu ya mbegu za kabeji.

"Ngatia," akasema. "Mguu mfupi. Alipita mbele yako?"

Shingo ikalegea. Kichwa cha Hezekiah kikashuka mara moja, kikainuka.